Kioo cha Mzee Luhende na Watu wa Nyotani

Siku ya kwanza kuachiwa kioo peke yangu, nilizungumza na bati. Tangu jua lilipochomoza hadi likakaribia utosini, wanangu, mimi na elimu yangu ya sekondari tulikaa juu ya jabali tukisalimiana na paa la zahanati.

Nayasema haya mapema msije mkanidhania bingwa. Ninyi mnaopima ardhi siku hizi mnasimamisha kijiti, kijiti kinaongea na mitambo iliyoko angani, na jibu linapatikana kabla chai haijapoa. Mmoja wenu ndiye aliyenitia katika kuandika haya. Aliniuliza, kwa utani nadhani, kama katika miaka yangu yote ya kutazama mbali niliwahi kuona watu wa nyotani, wale wanaosemwa wana akili kutushinda, na kama nadhani watakuja. Yeye alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo kwangu lina msiba ndani yake. Katika kusema nimekuwa mzito tangu ujana, nilikuwa kijana wa haya, hata chumvi naiona taabu kuiomba. Kwa kuandika naweza.

Nianze na kazi yenyewe. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vikuu vya pili. Nchi ilikuwa inapimwa, kuanzia vilima vya mawe vya upande wa Mhunze, kuvuka mbuga zote za Shinyanga, hadi milima ya Geita kwenye machimbo ya dhahabu. Juu ya kila kilima tulijenga bikoni, nguzo ya mawe na saruji. Bwana mpimaji anasimama kwenye bikoni moja na darubini yake. Mwenzako anapanda kilima kingine, mbali kiasi kwamba kilima chenyewe kinaonekana kama moshi, naye amebeba kioo cha mviringo kinachokaa juu ya miguu mitatu. Kazi ya mwenye kioo ni kulishika jua na kulirusha mpaka kwenye darubini ya Bwana. Bwana akiona cheche inametameta kule upeoni, anaipima. Na yeye ana mtu wake wa kioo, anakujibu. Basi unaweza kukaa siku nzima unasemezana na mtu ambaye hujapata kumwona uso.

Inaonekana rahisi. Lakini jua halitulii. Usipozungusha skrubu kila mara, mwanga wako unaanguka pembeni, unakwenda kuwaamsha ng'ombe wa watu. Kioo hakisafishwi kwa mate, mate yanaacha utando. Tumia shati lililofuliwa. Kabla hujakaa kwenye jabali chungulia nyufa zake, maana nyuki wanapenda bikoni kuliko wapimaji wanavyoipenda. Na mchana wa saa sita usihangaike, joto linafanya hata kilima kicheze ngoma. Pima asubuhi, upime tena alasiri. Wakati mzuri kuliko wote ni baada ya mvua kubwa, hewa ikiwa imeoshwa. Kiangazi watu wakianza kuchoma majani porini, funga vyombo ukalale.

Sasa asubuhi ile niliona cheche upande niliokuwa nimeelekezwa. Nikaielekezea kioo changu, nikazungusha skrubu, nikatoa jasho, nikajiona nimeshakuwa mtu wa kazi. Mzee Luhende, aliyekuwa mkuu wa vioo vyote, akapanda kutoka kambini kuniangalia.

"Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, ndivyo alivyotuita sote, "Bwana hajaona kitu tangu asubuhi. Unaongea na nani?"

"Na yeye, mzee. Yule pale."

Akatazama. Akatazama tena. "Umemwuliza nini?"

"Sijamwuliza kitu. Anang'aa, nami nang'aa."

"Basi mmefanana," akasema, akakaa chini kwa kicheko.

Ndipo akanifundisha. Ukiona mwanga, usiufurahie. Uulize. Funika kioo chako kwa kofia mara tatu, ungoje. Kama naye anafumba mara tatu, huyo ni mtu. Mfunikie mara mbili. Akirudisha mara mbili, ni mtu na yuko macho. Lakini kama unafunika na kufunua yeye anang'aa vilevile, hilo ni bati, au ni jiwe jeupe, au ni dimbwi.

"Bati halijui kwamba upo," akasema. "Mtu anajua. Kitu chenye akili ni kile kinachobadilika kwa ajili yako."

Nimesoma vitabu baadaye maishani, vya wataalamu wanaotafuta akili huko kwenye nyota, na nimeona wanahangaika na jambo hilohilo, watajuaje kuwa mwanga fulani una mtu nyuma yake. Lakini siku ile sikuwaza nyota. Niliwaza mpishi wetu. Ramadhani alikuwa mtu wa Ujiji, na mdomo wake haukujua kufungwa. Nilipotelemka kambini alikuwa ameshapata habari.

"Bwana Bati! Karibu chakula. Zahanati wanakusalimu, wanauliza homa imeshuka?"

Jina hilo lilinifuata mpaka Geita.

Habari za watu wa nyotani zililetwa na sabuni. Ramadhani alinunua kipande dukani, kimefungwa kwenye gazeti, akanipa karatasi nisome kwa kuwa nilikuwa msomi. Ilikuwa siku ya mawingu. Siku za mawingu watu wa kioo hawana kazi, tunakaa chini ya turubai tunashona viatu na kusengenya. Nikasoma kwamba huko ng'ambo watu wameona vyombo vya mviringo vikipita angani kwa kasi kuliko ndege, na wengine wanasema vimebeba viumbe wenye akili kutoka dunia nyingine.

"Majini," akasema Ramadhani. "Sisi tunawajua siku nyingi, hao wazungu ndiyo kwanza wanashangaa."

"Jini anahitaji chombo cha kupanda?" nikauliza.

"Majini wa kizungu, labda." Akageuza ugali. "Na wakija watashukia wapi? Shinyanga hapa hakuna maji. Watashukia Geita. Na wakishuka Geita, mimi nakuapia, siku ya pili utawakuta wameshika sururu wanatafuta dhahabu kama wengine."

Mzee Luhende hakucheka. Alikuwa anapaka mafuta miguu ya kioo. "Mtu haendi mbali namna hiyo kwenda kutazama tu," akasema. "Anakwenda kwa njaa, au amefukuzwa, au ametumwa. Mimi ningependa kujua hao ni wa namna gani kabla sijawapikia."

Nilimwelewa. Juma lililotangulia tulikuwa magharibi huko, upande wa Rwamgasa, wakati ule pori la mbung'o na vijiji vya kuhesabika. Watoto walitukimbia sisi na vyombo vyetu vinavyometameta. Mama mmoja alituletea jogoo, akapiga magoti, akamsihi Mzee Luhende tusiweke jiwe letu kwenye shamba lake, kwa sababu kwa dada yake palipowekwa jiwe watu walikuja kuambiwa wahame. Mzee alimrudishia jogoo, akamwambia bikoni inakwenda kilimani, si shambani. Lakini njiani alisema hajui ni nani atakuja nyuma yetu na vigingi. Kwa yule mama, vijana, wageni walioshuka kutoka kusikojulikana walikuwa sisi.

Bwana mpimaji akaingia chini ya turubai kutafuta chai. Alikuwa mtu mrefu, mpole, anayesema Kiswahili cha polepole. Mzee Luhende akamwuliza mwenyewe.

"Bwana, wewe usiku unapima nyota kwa darubini yako. Kule kuna watu?"

Bwana hakumdharau. Akakaa juu ya sanduku. Akasema kila nyota ni jua, ila liko mbali. Kama jua letu lina dunia yake, pengine na hayo yana dunia zake, na katika nyingi hivyo ni vigumu kuamini kwamba wenye akili ni sisi tu.

"Basi watakuja?"

"Sidhani. Ni mbali mno, mzee. Hata mwanga, ambao hapa unavuka kutoka kilima hadi kilima kabla hujapepesa jicho, kutoka huko unasafiri miaka. Nyota nyingine mwanga wake umetoka kabla babu yako hajazaliwa. Mtu akisimamisha kioo huko leo na kuturushia, sisi tutaona, tutafurahi, lakini yeye atakuwa ameshazeeka. Au hayupo."

Mzee Luhende akaacha kupaka mafuta. "Salamu zinafika na mwenyewe ameshakufa?"

"Ndiyo. Inawezekana."

"Na wewe unayeziona huwezi kujua."

"Huwezi," akasema Bwana, akamalizia chai yake, akatoka kuangalia mawingu.

Niliona uso wa mzee umebadilika, nami nikadhani amechoka. Ramadhani ndiye aliyenivuta nyuma ya jiko. "Umeleta balaa na gazeti lako, Bwana Bati," akasema, na mara hii hakuwa na utani. "Wewe huzijui habari za Mabula?"

Mabula alikuwa mtoto wa pekee wa mzee. Alichukuliwa vitani, wakampeleka Bama, huko Asia ng'ambo ya bahari, akiwa ameoa msimu uleule binti aitwaye Nkwimba. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Wala haikuja habari kwamba amekufa. Ila mwenzake mmoja wa kikosi, aliyekaa hospitali Nairobi zaidi ya mwaka akitibiwa mguu, alipofika nyumbani alimtafuta mzee akampa salamu. Walipoachana huko Bama, Mabula alimwambia hivi: mwambie baba yule ndama mweupe asimuuze, nitamkuta.

Ndama alishakuwa ng'ombe, akazaa, na wanawe wakazaa. Mzee hakumuuza. Kila aliyemgusia habari za Mabula alimjibu kwamba salamu zake zilifika. Kwa mzee hizo salamu zilikuwa ni Mabula mwenyewe, yuko hai mahali fulani, kachelewa.

Kwa hiyo matanga hayakuwekwa. Kwetu, mtu akifa watu wa nyumba wananyolewa nywele matanga yanapoanuliwa, hata kama amefia mbali na mwili haupo. Ndipo mjane anakuwa mjane, na akitaka anaolewa. Lakini kumnyolea mtu aliye hai ni kumuua. Mzee hakunyoa. Na Nkwimba alikuwa anaishi nyumbani kwa mkwe wake, hana mume, si mjane, msimu baada ya msimu.

Baada ya mvua kambi ilirudi upande wa Mhunze, karibu na kwa mzee, kurudia kupima pembe moja ambayo hesabu zake zilimkatalia Bwana. Mzee alinichukua niwe naye kilimani. Ilikuwa alasiri nzuri, hewa imeoshwa kama niliyowaeleza, kilima cha Bwana kinaonekana kama kimechorwa. Tukamwuliza mara tatu, akajibu mara tatu. Kazi ikaanza. Ndipo tukasikia mtu anapanda mawe.

Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kibuyu cha maziwa kichwani. Akakitua, akapiga magoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu," yaani mama, ndivyo alivyomwita mkwe wake Nkwimba. "Nyumbani salama?"

"Salama." Akaniamkia na mimi, nikaona haya, nikajifanya naangalia kilima. Sikuwa na pa kwenda, jabali lilikuwa dogo.

Mzee akazungusha skrubu. Nkwimba akasema, "Baba, wajomba zangu wamekuja tena. Safari hii nimewaambia wakae, nije mimi."

"Kwa habari ya yule anayekuposa, aliyefiwa na mke?"

"Huyohuyo. Ni mtu mzuri. Lakini sikuja kwa ajili yake." Alikuwa anang'oa vijani vilivyoota kwenye ufa wa jiwe. "Ningetaka kukimbia ningeshakimbia, baba. Malori ya Geita yanapita kila siku, na watu wa dhahabu hawaulizi mwanamke ametoka wapi. Nataka uniambie wewe. Nimsubiri, au nimlilie? Maana sasa sifanyi hata moja. Msibani kwa watu wenzangu wanalia, nami nikianza najinyamazisha haraka, naogopa nitakuwa namlilia yeye."

"Salamu zake zilifika, mayu."

"Zilifika. Na mimi nilizipokea, nilicheza. Lakini aliyezileta alikuja na magongo. Sasa anatembea, ameoa, mtoto wake wa pili yuko mgongoni." Akainua macho. "Hakuna nyingine zilizokuja, baba. Mimi kila siku namwambia kitu, asubuhi nikikamua. Siku zote nasema mimi tu."

Mkono wa mzee uliendelea kuzungusha skrubu, kidogo kidogo, kama unavyotakiwa. Halafu akaniuliza bila kugeuka, "Ng'wanawane, Bwana alisemaje siku ile, habari za mwanga?"

Nilitamani nisingekuwa msomi. Nilitamani ningekuwa nimelala siku ile, au sabuni ingefungwa kwenye jani la mgomba. Nikasema, kwa sauti ambayo sidhani kama Nkwimba aliisikia, "Alisema mwanga unafika, ila hauwezi kukwambia kama aliyeutuma bado yupo."

"Ndivyo nilivyosikia na mimi," akasema mzee. "Nilidhani labda nimesikia vibaya."

Akavua kofia. Nywele zake zilikuwa ndefu, nyeupe kabisa, nami sikuwa nimewahi kujiuliza kwa nini hanyoi kama wazee wenzake.

"Nenda nyumbani, mayu. Waambie waite watu. Waambie wachinje yule mweupe."

Nkwimba hakusema ahsante. Hakuna wa kumshukuru kwa jambo kama hilo. Aliinuka, akasahau kibuyu chake, akatelemka, na alipofika kwenye tambarare chini tukamsikia. Alikuwa ameanza kulia huko njiani peke yake, kwa sauti yake yote, kilio cha miaka.

Nikamwambia mzee, "Niachie kioo, wewe nenda naye."

"Bwana hajamaliza," akasema. "Mwenzako akiwa anakuangalia, huondoki." Akaendelea kushika mwanga mpaka kilima cha pili kilipofumba na kufumbua alama ya kufunga kazi. Alikuwa analia muda wote huo, machozi yanaingia kwenye ndevu, na mwanga haukuyumba. Bwana aliniambia baadaye kwamba alasiri ile ndiyo aliyopata vipimo safi kuliko vyote vya safari.

Tulikwenda matangani, Ramadhani na mimi. Ramadhani alipika kwa ajili ya watu wote bila kufanya mzaha hata mmoja, na jioni nikamwona kando ameinua mikono anamwombea mtu ambaye hakumjua na ambaye hakuwa wa dini yake. Siku ya kuanua matanga mzee alinyolewa wa kwanza. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Nkwimba alinyolewa baada yake. Mwaka uliofuata aliolewa, na nasikia hadi mzee anafariki alikuwa akimpelekea maziwa na kumwita baba.

Sasa swali lenu. Mimi naamini wapo. Nimekaa juu ya vilima vingi mno, nikaona jinsi nchi inavyoonekana tupu kwa mbali, halafu unaielekezea darubini unakuta moshi wa jiko, mtoto na mbuzi wake, mama anapepeta. Sijawahi kupima mahali pakubwa nikakuta hapana mtu kabisa. Siamini anga lote hilo ni bati.

Kuja ndiko nisikokuamini. Si kwamba hawataki. Nadhani huko nako kuna wanaotamani kujua kama sisi tupo, na wanakesha. Ila nimeona umbali wa Bama tu, ambako watu walikwenda na wengine wakarudi, ulivyotosha kummeza kijana mmoja na kuacha salamu zake nje. Mwanga wao ukitufikia siku moja, mtashangilia, nami nisingependa kuwaharibia. Shangilieni. Waulizeni mara tatu. Lakini muwe tayari kusubiri jibu muda mrefu kuliko maisha yenu, na msijifunge hapo mkaacha kuishi, wala msimfunge mtu mwingine.

Mzee Luhende alirudi kazini baada ya matanga, na kofia inampwaya. Tulimwekea kioo chake tayari, nimekifuta mwenyewe kwa shati safi. Hakukigusa. Alikwenda kwa Bwana akamwomba ahamishiwe kwenye mnyororo, kazi ya vijana, kuburuta mnyororo wa chuma kwenye miiba na kupima ardhi hatua kwa hatua. Bwana akastaajabu, mshahara ni mdogo na miguu ya mzee si ya kazi ile.

"Niache nao, Bwana," akasema. "Mnyororo nashika mimi huku, mwenzangu anashika huko. Akiuachia, nitajua."

Akapewa. Nilifanya naye kazi miezi mingi, mimi kwenye ncha ya mbele, yeye nyuma, porini ambamo hatukuonana kwa vichaka. Kila nilipofika pa kuweka kijiti nilisimama kwanza nikangoja, mpaka nihisi mzee anauvuta kidogo, nami nauvuta kidogo kumrudishia, ndipo tunapima.